Ufa Usioonekana: Uchambuzi wa Matengenezo ya Kinga kwa Vyombo vya Elektroniki Viwandani

Methali ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta imezoeleka mno katika viwanda vyetu, hata hubandikwa ukutani juu ya meza ya msimamizi, wala hapana mtu aliyeona chuma kikichakaa ambaye angethubutu kuikanusha. Beringi iliyokaukiwa na grisi hulia kabla ya kuvunjika. Mkanda wa mashine huchanika nyuzi moja moja kabla ya kukatika. Na giaboksi iliyopungukiwa na mafuta hutoa joto na harufu ambayo hata kibarua wa siku ya kwanza huitambua. Walakini methali hiyo imebeba sharti ndani yake, nalo ni kwamba ufa uonekane. Na hapo ndipo vyombo vya elektroniki vinapotushinda, maana bodi ya kuongozea mitambo iliyo karibu kufa haitofautiani kwa macho na ile iliyotolewa kwenye boksi lake asubuhi ya leo. Hailii, haitikisiki, wala haidondoshi mafuta. Saa nane za usiku inafanya kazi, na saa nane na dakika moja kiwanda kizima kimenyamaza.

Mintarafu ya jambo hili mafundi na wakuu wao wamegawanyika makundi mawili, na kila kundi lina hoja zake. Kundi la kwanza, aghalabu la mafundi waliokula chumvi nyingi, husema kwamba kinachofanya kazi kisiguswe, kwani wameona paneli iliyokuwa nzima jioni ikigoma asubuhi, baada ya vijana kuifungua, kuipuliza na kuichokorachokora usiku kucha kwa jina la sevisi. Kundi la pili, ambalo wengi wake ni mameneja, husema kila kifaa kipangiwe tarehe ya kukaguliwa na ya kubadilishwa, ije mvua lije jua, ili kazi isisimame ghafla. Kwa maoni yangu kila kundi limeshika nusu ya haki likaiacha nusu ya pili: chombo cha elektroniki chenyewe hakipendi kushikwashikwa, ila makazi yake yanataka kushughulikiwa daima, na vile viungo vyake vichache vinavyozeeka kweli sharti vijulikane kwa majina, vihesabiwe umri, na vibadilishwe kabla havijaanguka.

Tuanze na chombo chenyewe. Hadi miaka ya 1960 mitambo mikubwa iliongozwa kwa makabati yaliyojaa relei, mamia kwa mamia, zikifunga na kufungua kwa mlio kama wa mvua juu ya bati, na kila mpango wa kazi ulipobadilika waya zilifumuliwa na kufungwa upya. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha kampuni ya General Motors, huko Marekani, kiliandika sifa za chombo ambacho kingechukua nafasi ya makabati hayo, kikitaka kiwe chepesi kutengenezwa na kivumilie hewa ya kiwandani. Na Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakatoa jibu lao, Modicon 084, lililoitwa kwa nambari hiyo kwa kuwa lilikuwa kazi yao ya 84. Mzao wa chombo hicho ndio huu ambao mafundi wote huuita PLC. Leo ukifungua mlango wa paneli katika kiwanda cha saruji, cha sukari au cha unga, utaikuta PLC juu, pawa saplai ya volti 24 pembeni yake, draivu za kupunguza na kuongeza mwendo wa mota chini, safu za fyuzi, relei na kontakta katikati, na mlangoni feni ndogo yenye filta, ambayo kwa udogo wake hudharauliwa na kila mtu, ilhali maisha ya vyote vilivyotajwa yamo mikononi mwake.

Sasa tuzipime hoja za mzee asemaye kisiguswe, kwani si za kupuuzwa. Dhana ya kwamba kila kitu huchakaa kwa umri tumeirithi kutoka kwenye chuma, na katika fani ya ndege, ambayo hapana inayoizidi kwa hadhari, dhana hiyo imekwisha kupimwa ikaonekana pungufu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za Liberator za Coastal Command, tawi la jeshi la anga la Uingereza lililolinda bahari, wakakuta jambo la ajabu: hitilafu hazikupungua baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, bali ziliongezeka mara tu baada yake, kisha zikapungua kadiri saa zilivyopita. Baadaye, mwaka 1978, F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la United Airlines walitoa ripoti waliyoiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wakionyesha kwamba katika vifaa vya ndege vilivyochunguzwa asilimia 11 tu ndivyo vilivyokuwa na dalili ya uzee ambayo ingeipa maana tarehe ya kuvibadilisha; asilimia 89 havikuwa na umri wa kufa unaohesabika, na asilimia 68 vilikuwa hatarini zaidi vikiwa vichanga kuliko vilipokwisha kuizoea kazi.

Maana yake kwetu ni dhahiri. Anayeing'oa bodi nzima kwa sababu tu imetimiza miaka kumi, akatia mpya, huenda ameondoa mzee aliyekwisha kushinda maradhi ya utoto akamweka mchanga ambaye bado hayajampitia. Lakini mzee wetu naye hukosea mahali pamoja, napo ni kudhani kwamba kutokigusa chombo ni sawa na kuiacha nyumba yake, na kumbe vyombo hivi, tofauti na chuma kinachouawa na kazi yake mwenyewe, huuawa aghalabu na hewa vinayoivuta, umeme vinaolishwa na mikono inayovigusa.

Katika maadui hao wa kwanza ni joto. Tangu mwaka 1889, alipoandika mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius, juu ya namna joto linavyoharakisha mabadiliko ya kikemia, imekuwa ikijulikana kwamba vitu huharibika upesi zaidi vinapopashwa moto. Na katika kapasita za alumini zenye maji ndani yake, ambazo zimo katika kila pawa saplai na kila draivu, mafundi hutumia kanuni nyepesi kwamba kila joto likipungua nyuzi 10 umri huongezeka maradufu. Tuseme kapasita imeandikwa ubavuni kwamba itadumu saa 5,000 katika nyuzi 105. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ikikaa katika joto hilo haimalizi miezi saba. Ikikaa katika nyuzi 75 itadumu saa 40,000, yaani kama miaka minne na nusu. Na ikikaa katika nyuzi 65 itadumu saa 80,000, yaani miaka tisa. Hizo nyuzi 10 zaweza kabisa kuwa ndiyo tofauti ya filta safi na filta iliyozibwa na vumbi, na kipande kile cha sponji kimenunua miaka minne na nusu pasipo mtu kutia bisibisi mahali popote.

Katika viwanda vya pwani, hasa miezi ya kaskazi ambapo joto la chumba cha mashine hupita nyuzi 35, utaona dawa ambayo watu wameizua wenyewe: mlango wa paneli umeachwa wazi, na mbele yake limesimamishwa feni la nyumbani, lile la kuwekwa sebuleni, linavuma usiku na mchana. Kwa siku mbili tatu dawa hiyo hufaa, na alarmu ya joto hunyamaza. Lakini feni lile halipulizi hewa tupu. Hupuliza saruji, unga, vumbi la makapi na chumvi ya bahari, vikatanda juu ya bodi kama shuka, vikawa blanketi la kuzuia joto lisitoke, mpaka baada ya miezi kadhaa chombo kilichopulizwa kikawa na joto kuliko kile kilichofungwa. Tena mlango ulio wazi ni karibisho kwa mkono wa mpita njia na kwa mjusi. Si mzaha: mjusi hupenda joto la paneli usiku, hupita katika tundu ambalo kebo ilitolewa na glandi yake haikuzibwa, akapanda juu ya vituo vya kontakta akagusa fezi mbili kwa mwili mmoja, na fundi afikapo hukuta fyuzi zimekatika, moshi umetanda, na mzoga mkavu umegandamana na shaba. Kuziba tundu lile kungegharimu dakika kumi.

Adui wa pili ni vumbi, ambalo peke yake, likiwa kavu, lina madhara yake, lakini likichanganyika na unyevunyevu na chumvi huwa jambo jingine, kwani chumvi huvuta maji ya hewani, na maji yenye chumvi hupitisha umeme na kuila shaba. Ndiyo maana bodi iliyoishi salama miaka mingi bara huweza kuota kutu ya kijani ikihamishiwa ufukweni. Hapa pana kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: chumba cha udhibiti kimetiwa kiyoyozi hata kimekuwa baridi kama friji, kisha mlango ukaachwa wazi, hewa ya Tanga au ya Mombasa ikaingia na unyevu wake wote, ikakutana na bodi iliyopoa, na umande ukatanda juu yake kama juu ya gilasi ya maji baridi. Kadhalika paneli inayozimwa kwa siku kadhaa hupoa na kulowa. Hivyo zipo paneli ambazo hutiwa hita ndogo ndani, si kwa ajili ya kupasha moto, bali kuzuia umande wakati mitambo imelala.

Adui wa tatu ni umeme wenyewe. Umeme unapokatika si hasara kubwa kwa bodi. Hatari iko katika kurudi kwake, unaporudi kwa kishindo, au ukirudi fezi mbili badala ya tatu. Juu ya hayo kuna radi, na sehemu zetu za Maziwa Makuu na milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi nyingi kuliko kwingine duniani. Vizuizi vya radi ndani ya paneli hujitoa mhanga kimya kimya: huupokea mshindo, hufa, na kijidirisha chake cha kijani hugeuka chekundu; na ikiwa hapana mtu mwenye zamu ya kukitazama kijidirisha hicho, mshindo wa pili utaikuta PLC haina mlinzi. Aidha waya wa kwenda ardhini, ambao hufungwa siku ya kwanza ukasahauliwa, hulika na kutu udongoni, na upinzani wake sharti upimwe kwa kipimo, si kwa kuuvuta kwa mkono.

Adui wa nne ni sisi wenyewe. Mtu anayetembea juu ya sakafu kavu huweza kubeba mwilini umeme wa volti elfu kadhaa, wala hahisi cheche yoyote mpaka ifike takriban volti 3,000, ilhali zipo sehemu za bodi zinazodhurika kwa volti chini ya 100. Hivyo fundi anayeishika kadi kwa vidole vitupu anaweza kuijeruhi pasi na kujua, na kadi isife siku hiyo bali mwezi wa tatu, kosa akabandikwa mwingine. Hewa ya kompresa nayo, ambayo vijana huipenda kwa sababu husafisha upesi, hulisukuma vumbi ndani kabisa chini ya bodi, tena mara nyingi hubeba matone ya maji na mafuta. Mashine ya kuvuta vumbi pamoja na brashi laini visivyozalisha umeme ni aula. Na kuhusu usalama wa nafsi, draivu inayolishwa volti 400 huhifadhi katika kapasita zake volti takriban 560 za umeme wa DC hata baada ya kuzimwa. Kwa hiyo swichi kuu ifungwe kwa kufuli, usubiriwe ule muda ulioandikwa juu ya draivu, kisha draivu ipimwe, maana saa ya ukutani haimwokoi mtu kama kipimo.

Baada ya makazi tuje kwenye viungo vinavyozeeka, ambavyo juu yake kundi la tarehe lina haki kamili, na kwa bahati njema si vingi. Cha kwanza ni feni, kwa kuwa ni chuma kinachozunguka, na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitatu hadi mitano. Cha pili ni hizo kapasita, ambazo huvimba utosini zinapokaribia mwisho. Cha tatu ni relei na kontakta: relei ndogo ambayo mtengenezaji ameihakikishia kufunga mara 100,000 katika mzigo wake kamili, ikiwa inafunga mara moja kila dakika, hufunga mara 1,440 kwa siku, na laki yake huisha katika siku 70, hivyo haina maana kuipa umri wa miaka, bali wa hesabu ya kazi, na PLC yenyewe yaweza kuagizwa iihesabu. Cha nne ni skrubu za kufungia waya, kwa sababu shaba hupanuka na kunywea kila siku, skrubu ikalegea, ikazaa joto, na joto likailegeza zaidi. Kwa hizo kamera ya joto ni ramli ya kweli: ikielekezwa kwenye kontakta yenye mzigo, fezi mbili zikaonyesha nyuzi 45 na ya tatu 70, hapana haja ya mjadala. Wala asiikaze mtu skrubu kwa nguvu zake zote, bali kwa bisibisi yenye kipimo, kwani skrubu iliyokazwa kupita kiasi hukata waya ule ule aliotaka kuulinda.

Cha tano ni betri, na kisa chake chastahili kuelezwa peke yake. PLC nyingi za zamani, ambazo zingalipo kazini, huiweka programu katika kumbukumbu inayotegemea umeme, na umeme ukikatika hushikiliwa na betri ndogo ya lithiamu isiyozidi kidole. Taa ya betri huweza kuwaka mwaka mzima bila dhara, maadamu mtambo haujazimwa; kisha huja sikukuu ya Idi au Krismasi, kiwanda hufungwa siku nne, swichi kuu huteremshwa kwa nia ya kubana matumizi, na wafanyakazi wakirudi hukuta PLC inawaka taa zake zote lakini haikumbuki kazi hata moja. Hapo ndipo huulizwa nakala ya programu iko wapi, na jibu ni kwamba ilikuwa katika kompyuta ya mkandarasi aliyeondoka, pamoja na neno la siri. Betri hiyo hubadilishwa umeme ukiwa umewashwa, tena baada ya nakala kuchukuliwa. Na nakala iwe mbili, moja kiwandani na moja nje yake, ikiandikwa tarehe, na ijaribiwe kwa kurudishwa kwenye chombo, kwa sababu nakala isiyojaribiwa ni dhana tu.

Spea nazo huzeeka zikiwa stoo. Draivu iliyokaa rafuni zaidi ya mwaka bila umeme, kapasita zake hupoteza ule utando mwembamba unaozuia mkondo, na ikiunganishwa ghafla kwa volti kamili usiku wa dharura huweza kupasuka mbele ya yule aliyeitegemea. Yataka iamshwe polepole, kwa utaratibu alioandika mtengenezaji, na tarehe ibandikwe juu ya boksi. Kuna na spea ambazo hazipatikani tena madukani kwa kuwa mtengenezaji amekwisha kuuacha mtindo huo. Na orodha ya hizo sharti iandaliwe mapema, kwani ununuzi wa haraka humwangusha mtu mikononi mwa wauzaji wa bandia.

Yote haya yakipangwa katika mwaka, yana kalenda yake ya asili kwetu sisi watu wa pwani. Filta na feni zishughulikiwe Novemba, kabla kaskazi haijaleta joto lake. Vizuizi vya radi, waya wa ardhini na glandi za kebo vikaguliwe kabla ya masika. Kamera ya joto ipite wakati mzigo ni mkubwa, si wakati kiwanda kimelala. Na kazi zinazodai umeme kuzimwa, kama vile kukaza skrubu na kusafisha ndani, zingojee usimamishaji mkuu wa mwaka, ambao kwa viwanda vya sukari huja baada ya msimu wa miwa. Baada ya kazi hiyo mtambo usikabidhiwe dakika ya mwisho, bali uwashwe siku moja au mbili kabla, kwa kuwa Waddington ametufundisha kwamba makosa ya mikono yetu hujidhihirisha mapema.

Pingamizi kubwa linalobaki ni la mhasibu, aulizaye kwa insafu kabisa: nitaonaje faida ya kitu ambacho hakikutokea? Kumjibu kwa methali ni kumdhulumu. Ajibiwe kwa daftari. Daftari lenyewe si kubwa: safu ya tarehe, ya joto la chumba, ya joto la ndani ya paneli, na ya tofauti yake, likijazwa kila wiki na fundi wa zamu kwa kipimajoto cha bei ndogo. Joto la ndani peke yake halisemi kitu, kwani hupanda na kushuka na majira. Lakini tofauti husema. Ikiwa wiki baada ya wiki chumba kina 30 na paneli 39, au chumba 33 na paneli 42, tofauti ni 9 na mambo ni shwari. Wiki moja mtu akaandika 31 na 44, tofauti 13. Iliyofuata 30 na 45, tofauti 15. Chombo hakijalia, alarmu haijawaka, uzalishaji haujapungua hata gunia moja, wala hapana aliye na sababu ya kuugusa mtambo. Ila feni imeanza kuchoka au filta imeziba, na hilo limeandikwa pale kwa kalamu ya wino, mbele ya mhasibu, kabla hakijaharibika kitu. Ule ufa ambao tulisema hauonekani, ndio huo.